Mchana Inaona, Usiku Giza: Kukagua Binokula ya Kutazamia Nyota

Mjomba alinunua binokula sokoni kwa sababu ubavuni imeandikwa 30x60, na kwenye boksi kuna picha ya mwezi na bundi. Usiku uleule akanipigia simu. "Mchana naona mpaka ng'ambo ya mto. Usiku naona giza, tena giza la kulipia." Kesho yake nikaenda na rula ya shule. Lenzi ya mbele, ile kubwa, ilikuwa na upana wa milimita 22. Ile 60, inayodai kuwa upana wa lenzi hiyo, haikuwepo popote kwenye chombo kile isipokuwa kwenye maandishi.

Tangu siku hiyo kila mtu mtaani mwenye darubini ya macho mawili inayomsumbua huniletea. Mimi si fundi mkubwa. Nina bisibisi ndogo, rula na baraza lenye giza la kutosha. Ninachokiona ni kwamba mtu akishindwa usiku hukimbilia kutafuta yenye "nguvu" zaidi, na mara nyingi nguvu hiyo ndiyo iliyomletea ugonjwa. Kwa kazi ya usiku, cha kuuliza kwanza ni mwanga unaotoka nyuma ya chombo una upana gani. Mara ngapi kinakuza ni swali la pili. Nimepanga hapa malalamiko jinsi watu wanavyoyasema, na namna ya kukagua kila moja kabla hujatoa hela nyingine.

"Usiku picha ni nyeusi kuliko macho matupu"

Hesabu ni moja tu. Binokula ya 10x50 inakuza mara 10, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Gawa namba ya pili kwa ya kwanza: 50 kwa 10 ni 5. Milimita 5 ndio upana wa mwanga unaotoka upande wa jicho. Si jambo la kuambiwa, unaliona mwenyewe. Mchana, ishike binokula kiasi cha sentimita 30 kutoka usoni, ielekeze kwenye anga jeupe mbali kabisa na jua, kisha tazama lenzi za upande wa macho. Katikati ya kila moja utaona kijiduara cheupe kinaelea. Hicho ndicho kinachoingia jichoni; kilichobaki ni plastiki na uzito wa kubeba.

Mchana mboni ya jicho hujibana ikawa milimita 2 au 3, kwa hiyo kijiduara kidogo kinatosha na kila kitu kinang'aa. Ndiyo maana hakuna binokula mbaya mchana mbele ya duka. Giza likiingia mboni inafunguka, kwa kijana inaweza kufika milimita 7. Hapo ndipo 10x25 inapoumbuka: kijiduara chake ni milimita 2 na nusu, sawa na kufungua mlango mzima halafu mwanga ukaletewa kupitia tundu la ufunguo. Kijiduara cha milimita 5 kina eneo mara nne ya hicho. Hesabu zako ziwe karibu: 8x42 inatoa milimita 5 na robo, 10x50 inatoa 5, 7x50 inatoa 7 na kidogo.

Kijiduara hichohicho kinafichua uongo. Pima lenzi ya mbele kwa rula. Pima kijiduara kwa kuweka kipande cha karatasi nyeupe nyembamba nyuma ya lenzi ya jicho, ukisogeza mpaka duara liwe na ukingo mkali. Gawa la mbele kwa la nyuma, na hapo unapata ukuzaji wa kweli. Ya mjomba: 22 kwa 2 na nusu, ni mara 9 hivi. Mara 30 hazikuwepo, na heri hazikuwepo, maana mara 30 kwenye lenzi ile angeona giza zaidi ya hapo. Na picha ya bundi haina maana yoyote. Vyombo vya kweli vya kuonea gizani vina betri na umeme ndani. Binokula ya vioo vitupu haizalishi mwanga, inaukusanya tu.

Ukiona inayokuza kuanzia 8 mpaka 24 kwa kusukuma kitufe, irudishe kwenye rafu. Ukipandisha mpaka 24 kijiduara kinakuwa milimita 2 tu kama lenzi ni ya 50, uwanja, yaani eneo unaloliona kwa mara moja, unajibana kama bomba, na vioo vya pande mbili mara nyingi havisogei sawasawa. Sijawahi kuletewa hata moja ambayo mwenyewe anaipenda.

"Nimenunua 7x50 ya mabaharia, rafiki yangu ana 10x50 anaona zaidi"

Huyu alikuja amekasirika, na alikuwa na haki ya kushangaa. 7x50 ni ya siku nyingi melini na inasifiwa kwa usiku, kwa kuwa kijiduara chake cha milimita 7 kinajaza mboni yote. Tatizo ni umri. Mboni ya mtu wa miaka hamsini na kitu kwa kawaida haifunguki tena kama ya kijana. Wengi hubaki kwenye milimita 5 au chini ya hapo. Mwanga uliobaki unaangukia kwenye rangi ya jicho na kupotea. Mwenye mboni ya milimita 5 akishika 7x50, ni kama ameshika 7x35, ila anabeba uzito wa 50.

Kuna kipimo cha fundi seremala. Biti za drili zina namba. Chukua ya milimita 5, 6 na 7, tumia upande wa mkia ulio laini. Baada ya kukaa gizani nusu saa, fumba jicho moja, simamisha biti wima mbele ya lile jingine ukiegemeza mkono kwenye shavu na nyusi isije ikakugusa, kisha tazama nyota moja inayong'aa. Biti ikiwa nyembamba kuliko mboni, nyota itajitokeza pande zote mbili za chuma kwa pamoja. Ikiwa nene kuliko mboni, inaifunika nyota yote. Yule bwana nyota yake ilipotea kwenye namba 6. Basi.

Sababu ya pili ni anga la mjini. Ukikuza zaidi, weupe wa anga unaosababishwa na taa hutawanyika na kufifia, lakini nyota inabaki nukta yenye mwanga wake. Kwa hiyo chini ya taa za barabarani 10x50 hutoa nyota nyingi kuliko 7x50 hata kwa macho ya kijana. Mtu akiniuliza anunue ipi moja tu ya nyota, namwambia 10x50. Kama mikono inatetemeka, au anataka pia ya kwenda nayo mbugani kutazama wanyama alfajiri na magharibi, 8x42. Hiyo ndiyo ninayoibeba mimi, na sijawahi kujuta.

Kuna wauzaji watakaokupa hesabu nyingine: zidisha namba mbili, tafuta kipeuo cha pili, wakiita uwezo wa magharibi, yaani wa saa ya jua kuzama. Kwa hesabu hiyo 30x60 ya mjomba inapata 42 na 7x50 inapata 19 isiyotimia. Ukiona kipimo kinachompa mjomba ushindi, kiache.

"Namba ni nzuri, nimepima ni kweli, bado giza"

Rudi kwenye kijiduara. Kikiwa cha mviringo safi, sawa. Kikiwa na pande kama zimekatwa, kinafanana na almasi ya karata na kingo zake zina kivuli cha kijivu, prizimu za ndani, vile vipande vya kioo vinavyopindisha mwanga, ni za kioo cha BK7, ambacho hupoteza sehemu ya mwanga wa pembeni. Kioo cha BaK4 hutoa duara kamili. Tofauti hii utaiona dukani kwa sekunde kumi bila kumuuliza muuzaji.

Halafu angalia rangi ya mwakisiko kwenye lenzi ya mbele. Kila uso wa kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya binokula nyuso ni nyingi, kumi na zaidi. Utando mwembamba unaopakwa kwenye vioo ndio unaozuia hasara hiyo. Simama chini ya taa ya dari, tazama mwakisiko wake ndani ya lenzi: ukiwa hafifu, wa kijani au zambarau, ni dalili njema. Mwakisiko mmojawapo ukiwa mweupe pee kama kwenye kioo cha dirisha, uso huo haukupakwa. Herufi FMC kwenye boksi zinadai nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Dai ni dai, taa ya dari itakwambia. Na lenzi nyekundu zinazowaka kama macho ya paka, zile zinazopendwa na vijana, zinarudisha mwanga mwekundu ambao ungepaswa kuingia. Usiku ni hasara tupu.

Kama vyote viko sawa, kosa ni lako, na dawa ni bure. Jicho linahitaji dakika 20 mpaka 30 gizani kabla halijafikia uwezo wake, na ukitazama simu mara moja unaanza upya karibu kutoka mwanzo. Nimeona watu wanatoka sebuleni kwenye runinga, wanainua binokula, dakika mbili, "haionyeshi." Zima taa ya nje, kaa, piga hadithi. Ukihitaji mwanga, funga tochi kwa plastiki nyekundu. Umeme ukikatika mtaa mzima usilalamike, toka nje.

Kitu hafifu usikikazie macho. Tazama kidogo pembeni yake, kitajitokeza, kwa kuwa katikati ya jicho ndipo penye uhodari wa rangi na maandishi lakini kwenye mwanga hafifu ni kipofu.

"Nyota zinacheza kama vimulimuli"

Kukuza mara 10 ni kukuza na mtetemo wa mkono mara 10. Zaidi ya hapo mikono mitupu haiwezi. Binokula ya 15x70 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, 20x80 inapita kilo mbili. Hizo bila stendi ni mazoezi ya mabega.

Kwa 10x50, kwanza sogeza viganja mbele kuelekea lenzi kubwa, viwiko vibane mbavuni. Egemea ukuta au mnazi. Dawa bora kuliko zote ni kulala chali kwenye mkeka au kitanda cha kamba, binokula imekaa kwenye mashimo ya macho, mikono inaituliza tu. Shingo nayo inakushukuru, maana kutazama utosini ukiwa umesimama dakika tano hutaki tena.

Nyingi zina kifuniko kidogo mbele ya bawaba ya katikati. Kifungue, ndani kuna uzi wa skrubu ya robo inchi, saizi ileile ya stendi za kamera. Kipande cha chuma chenye umbo la L kinaunganisha viwili hivyo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza akipewa mfano.

Jaribio: tafuta sayari ya Mshtarii usiku ikiwa juu. Mkono mtupu, unaona kidoa kinachoruka. Egemeza kwenye ukingo wa ukuta na zile nyota ndogo mpaka nne zinajipanga kwa mstari kando yake: ndiyo miezi ambayo Galileo aliiona Januari 1610, kwa chombo chenye vioo vibovu kuliko cha kwako.

Kama kinachocheza ni nyota iliyo chini karibu na upeo tu na za juu zimetulia, binokula haina kosa. Hewa ndiyo inayochemka. Ngoja nyota ipande.

"Naona vitu viwili viwili, kichwa kinauma"

Uliza kwanza: iliwahi kuanguka? Jibu karibu kila mara ni kimya kifupi, halafu "mtoto aliiangusha kidogo." Prizimu moja imehama, na pande mbili hazitazami tena mahali pamoja. Mchana macho hujitahidi kuziunganisha picha bila wewe kujua, na malipo yake ni kichwa kuuma baada ya robo saa. Usiku, nyota ni nukta, haifichi kitu.

Kagua hivi. Tuliza binokula, lenga nyota yenye mwanga mkali. Zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nyota ya upande huo ivimbe iwe kama mpira mkubwa wa mwanga, ile ya kushoto ibaki nukta. Fungua macho yote. Nukta ikikaa ndani ya mpira, hakuna shida. Ikitulia nje yake, hasa juu au chini, pande zimepotoka. Ya kulia na kushoto macho huvumilia kidogo. Ya juu na chini hayavumilii.

Kwenye zile za umbo la zamani, zenye mabega yaliyopinda, mara nyingi kuna skrubu ndogo mbili kila upande karibu na nyumba ya prizimu, zimejificha chini ya ngozi au raba. Inua ukingo wa raba taratibu, zungusha skrubu moja kidogo sana, chini ya robo mzunguko, tazama tena nyota, andika ulichofanya. Mara ya kwanza nilizungusha zote nne bila kuandika, na kazi ya nusu saa ikawa ya siku mbili. Zile zilizonyooka kama mabomba mawili usiziguse, wala iliyojazwa gesi ya naitrojeni usiifungue. Ukishafungua, ile kinga ya unyevu imetoka. Kama ni mpya, irudishe ilikotoka siku hiyohiyo.

"Naona vivuli vyeusi vinapitapita"

Vivuli vya umbo la figo vinavyokuja na kuondoka maana yake jicho halijakaa katikati ya kijiduara. Kunja au kunjua bawaba ya katikati mpaka maduara mawili yaungane kuwa moja. Ile picha ya sinema, maduara mawili yaliyopishana, ni ya sinema tu. Mwenye kuona hivyo hajarekebisha bawaba.

Mwenye miwani akiona tundu dogo tu katikati, ashushe vikombe vya raba vya macho. Kama bado, chombo kimeundwa kwa jicho lililo karibu mno. Mwenye miwani anahitaji nafasi ya milimita 15 au zaidi kati ya lenzi na jicho, na namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Miwani ya kuona mbali au karibu tu unaweza kuivua, fokasi itafidia. Ya astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho ambayo fokasi haiifidii, usiivue.

"Nyota ina miba"

Zungusha kichwa kulia na kushoto, binokula ikiwa imetulia. Miba ikizunguka na kichwa, ni jicho lako, nenda kapime. Sasa tulia kichwa, zungusha binokula ukitazama kwa upande mmoja: miba ikizunguka nayo, ni kioo.

Kabla ya hapo hakikisha fokasi imekaa. Watu wengi hawajui pete ya jicho la kulia ni ya nini. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, weka nyota ya kushoto iwe nukta kwa gurudumu la katikati. Ziba ya kushoto, usiguse gurudumu, sahihisha ya kulia kwa pete yake. Kumbuka alama iliposimama. Hiyo ni ya macho yako, na kila ukimuazima mtu utaikuta imehama. Fanyia kazi hii kwenye nyota, si kwenye bati la jirani, kwani fokasi ya bati si ya nyota.

Nyota za pembeni mwa uwanja zikivutika kama mikia ya samaki na za katikati ziko safi, huo ni ubora wa bei uliyolipa. Kadhalika ukingo wa zambarau kuzunguka Mwezi. Weka unachotazama katikati, endelea na maisha.

"Imepiga ukungu"

Lugha yetu imetuonea hapa, maana ukungu ni wa aina mbili na matibabu hayafanani.

Ukungu wa kwanza ni mvuke. Umetoka chumba chenye kiyoyozi au kwenye gari la baridi, ukaingia kwenye joto la pwani, na kioo kikapigwa weupe mara moja. Usifute. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 15 au 20 ipate joto polepole. Ukiwa Lushoto au miinuko mingine yenye baridi, usiku wa manane umande unatua kwenye lenzi za mbele. Fanya vifuniko virefu vya karatasi ngumu nyeusi vitangulie mbele ya lenzi, umande utachelewa. Mvuke ukiwa ndani, kati ya vioo, chombo hakijazibwa vizuri, na ukiacha hivyo unakaribisha wa pili.

Wa pili ni kuvu, ule wa mkate. Mwanga wa tochi kutoka mbele, jicho nyuma kwa mbali kidogo: ukiona nyuzi kama buibui au mizizi midogo, ndiyo huyo. Anakula utando wa lenzi, na akishakula harudishi. Zanzibar, Mombasa, Tanga, popote nguo zinapooza kabatini, binokula isikae kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki linaloziba, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe. Mchele usiweke, una vumbi, na vumbi ndilo linalokwaruza.

Kufuta: puliza kwanza kwa kipulizio, pangusa kwa brashi laini, ndipo kitambaa cha miwani. Ncha ya kanga imebeba chumvi na mchanga. Nimeziona lenzi zilizofutwa na kanga kwa miaka, zimefifia kama jicho la mzee.

"Nimekaa ufukweni tangu magharibi, sioni hilali"

Mwisho wa Shaabani na Ramadhani naletewa binokula nyingi kuliko mwaka mzima. Kosa la kwanza ni fokasi. Anga la magharibi halina kitu cha kukamatia jicho, na hilali ni uzi. Fokasi ikipotea kidogo uzi unayeyuka. Kabla jua halijazama, weka fokasi kwenye chombo kilicho mbali baharini upande usio na jua, au kwenye Zuhura kama ipo, kisha usiguse gurudumu tena.

Kosa la pili ni kutafuta kokote. Kwetu karibu na ikweta njia ya Mwezi husimama karibu wima, kwa hiyo hilali changa huwa juu ya pale jua lilipotua, imeegemea kaskazini au kusini kidogo kufuatana na miezi, na imelala chali kama jahazi. Nyoosha mkono: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Anza hapo, panda polepole, teremka polepole. Uwanja wa 10x50 ni nyuzi 6 na nusu hivi, sawa na Miezi 13 iliyopangwa kwa mstari, kwa hiyo ukienda kwa utaratibu huipiti.

La tatu si kosa, ni hatari. Usiinue binokula upande huo mpaka jua lote limezama. Jua kupitia lenzi ya milimita 50 linaunguza jicho kabla hujahisi maumivu, na hakuna dawa yake. Mwandamo wa kuonekana kwa chombo unahesabika au hauhesabiki, hilo waulize masheikh.

"Chombo kizima, lakini juu hakuna kitu"

Tazama kalenda ya Hijria kabla ya kutazama anga. Kuanzia tarehe 10 mpaka 20 Mwezi unafua kila kitu hafifu. Ni nyakati za kutazama Mwezi wenyewe, na hata huo hupendeza zaidi ukiwa nusu, vivuli vya mashimo vikiwa virefu. Tarehe 25 mpaka 5 ndizo za nyota. Giza kamili hapa pwani huingia kama saa moja na nusu usiku.

Majira nayo. Masika usijisumbue, ila usiku mawingu yakifunguka. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, anga limeoshwa, na kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita karibu na utosi. Pitisha 8x42 humo bila kulenga kitu. Aprili mpaka Juni mapema usiku, kusini, tafuta Msalaba wa Kusini, kisha sogea kaskazini-mashariki mpaka kwenye kidoa cha duara kama pamba iliyoangushwa: Omega Centauri, nyota mamilioni, na kutoka Ulaya ya kaskazini haionekani kabisa. Kuanzia Novemba kuna Kilimia, ile iliyowapa wakulima majira yao. Macho matupu huhesabu nyota sita au saba, binokula hutoa makumi. Kama hii haikustui, chombo chako kina kasoro niliyoisahau.

Zohali haitaonyesha pete. Kwa mara 10 utaona punje iliyorefuka kidogo tu. Pete huanza kujitenga kwenye mara 25 au 30, na hapo umeshaingia kwenye darubini ya stendi. Mwaka 2025 zilitugeuzia ukingo, hata wenye darubini kubwa waliona mstari.

Mjomba sasa ana 10x50 ya mtumba. Tuliipima hukohuko sokoni, rula mkononi, muuzaji akituangalia kama wakaguzi wa mizani. Ile 30x60 inaning'inia kwenye msumari mlangoni. Anaitumia mchana kuangalia anayekuja kumdai.